Wajapani, Wachina, na Watu Wetu Waliokwenda Bama

Nilipokuwa mtoto alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akija soko la Kwa Sadala kila siku ya soko. Hakuja kuuza wala kununua, bali kuketi kivulini karibu na njia kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, na kutazama watu. Sisi watoto tulimwita Mzee Bama, kwa kuwa katika ujana wake alikuwa askari wa Keya, akavuka bahari, akapigana na Wajapani katika misitu ya Bama. Siku moja nilimwamkia, naye akaniuliza, “Mjukuu wangu, husoma nini shuleni?” Nikamjibu, “Babu, twasoma historia.” Akasema, “Vema. Basi nieleze jambo moja. Sisi tuliambiwa kwamba twaenda kumpiga Mjapani, ili njia ya kwenda kwa Mchina ifunguliwe. Baadaye Mchina akaja huku kwetu kujenga reli. Je, Mchina huyu ndiye yule tuliyempigania, au ni mwingine?”

Sikuwa na jawabu. Nilisema, “Babu, sijui,” naye akacheka, akanipa ndizi mbivu. Mzee yule amekwisha kufariki, nami leo ni mwalimu, tena mwalimu wa historia. Swali lake nimekaa nalo miaka mingi. Leo nataka kulijibu hapa, maana nadhani wako wengi ambao babu zao walikwenda safari ile na hawakuelezwa sababu yake.

Yafaa tujue kwanza kwamba Mjapani hakufika kwetu kwa bunduki. Alifika kwa nguo. Katika miaka ya 1930 na kuendelea, maduka ya Moshi na ya Afrika ya Mashariki yote yalijaa marekani, kanga, na viatu vya turubai vyenye soli ya mpira vilivyotengenezwa Japani. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya vitu vya Uingereza, na mtu mwenye fedha kidogo alivipenda. Serikali ya Kiingereza haikuweza kuvizuia kwa ushuru, kwani mikataba ya Berlin ya mwaka 1885 na ya Saint-Germain ya mwaka 1919 iliagiza ya kuwa katika nchi za bonde la Kongo, na nchi zetu zikihesabiwa pamoja nazo, mataifa yafanye biashara kwa haki moja. Nao Wajapani walinunua pamba ya Uganda, wakaisokota kwao, wakairudisha kwetu ikiwa nguo. Hivyo mama zetu walivaa kazi ya mikono ya Wajapani kabla ya vijana wetu kuonana nao vitani.

Sasa na tuulize: watu hawa waliokuwa wafanya biashara hodari, walipatwaje na tamaa ya kuteka nchi za wengine?

Japani ilianza kujijenga upya mwaka 1868. Katika muda wa miaka 40 ilipata viwanda, reli, shule, na jeshi la kisasa. Mwaka 1895 iliishinda Uchina, mwaka 1905 iliishinda Urusi, na mwaka 1910 ikaitwaa Korea. Lakini ndani ya jengo lile zuri palikuwa na ufa. Kwa sheria kuu ya nchi ya mwaka 1889, majeshi yalikuwa chini ya Mfalme Mkuu mwenyewe, wala si chini ya mawaziri. Kwa desturi Mfalme Mkuu hakuingia katika mabishano ya utawala. Kwa hiyo majemadari walikuwa na bwana kwa jina tu. Kwa kweli hakuna aliyewaamuru. Nyumba ambayo mlinzi wake hamwogopi mwenye nyumba, yaweza kukaa salama muda wote wa neema. Shida ikija, mlinzi ndiye atakayekuwa mwenye nyumba.

Shida ikaja. Mwaka 1929 biashara ya ulimwengu ilianguka. Hapa Kilimanjaro twaukumbuka msiba ule kwa bei ya kahawa: mkulima alichuma, akakoboa, akapeleka, akapata fedha kidogo sana. Katika taabu hiyo ndipo chama cha ushirika cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, na ugomvi juu ya uuzaji wa kahawa ukaendelea hata mwaka 1937 watu walipofanya ghasia. Wakulima wa Japani walipatwa na jambo lile lile kwa upande wa hariri. Waliuza hariri yao Marekani, na Wamarekani waliacha kununua. Katika majimbo ya kaskazini wazazi wengine waliwatoa binti zao kwa fedha ili wapate chakula. Askari wengi na maofisa wadogo walitoka katika vijiji kama hivyo. Walipopata barua za kwao zenye kilio, walisema kwamba matajiri na wanasiasa wameiuza nchi, na ya kuwa dawa ni kupata ardhi mpya ng’ambo ya bahari.

Ardhi waliyoitamani ilikuwa Manchuria, kaskazini mashariki ya Uchina. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa jeshi la Japani lililokuwa huko walilipua kipande cha reli karibu na mji wa Mukden. Reli yenyewe ilikuwa ya Wajapani! Wakasema Wachina ndio waliofanya, wakaanza vita, wakaitwaa nchi yote. Serikali ya Tokyo haikuwa imetoa amri hiyo, wala haikuwa na nguvu ya kuitangua. Shirikisho la Mataifa lilipolaumu, Japani ilitoka katika Shirikisho mwaka 1933. Na huko nyumbani, tarehe 15 Mei 1932, maofisa vijana walimwua Waziri Mkuu, Inukai Tsuyoshi, nyumbani kwake. Walihukumiwa vifungo tu. Hata mmoja hakunyongwa, na watu wengi waliwaombea huruma, wakisema wameipenda nchi yao. Tarehe 26 Februari 1936 askari wapatao 1,400 waliteka katikati ya mji wa Tokyo, wakamwua Waziri wa Fedha, Takahashi Korekiyo, aliyejaribu kupunguza gharama za jeshi. Safari hii viongozi wao walipigwa risasi. Lakini majemadari wakubwa ndio waliopata faida, kwani tangu hapo kila waziri aliogopa kuwapinga.

Hayo ndiyo asili ya utawala wa kijeshi wa Japani. Haukuja kwa siku moja, wala haukuletwa na mtu mmoja. Ulikuja kwa hatua, na kila hatua mtu mwenye mamlaka alinyamaza.

Tugeuke sasa tuitazame Uchina. Ufalme wa kale wa Uchina ulianguka mwaka 1912, na nchi ikagawanyika mikononi mwa mabwana wa vita, kila mmoja na jeshi lake na ushuru wake. Wako waliotaka kuiunganisha. Kwanza ni Kuomintang, yaani Chama cha Wazalendo, kilichoanzishwa na Sun Yat-sen, na baada ya kifo chake kikaongozwa na jemadari Chiang Kai-shek. Pili ni Chama cha Wakomunisti, kilichoanzishwa katika mji wa Shanghai mwezi wa Julai 1921. Wajumbe waliokutana siku zile hawakuzidi 13, na wanachama wao katika nchi nzima walikuwa kama 50 tu. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa Hunan, jina lake Mao Zedong, naye alikuwa amepata kufundisha shule. Sisi walimu tulikumbuke hilo.

Mwanzoni vyama hivyo viwili vilikwenda pamoja. Lakini mwezi wa Aprili 1927 Chiang aliwageukia Wakomunisti, akawaua kwa maelfu. Waliosalia walikimbilia milimani. Mwezi wa Oktoba 1934, walipozingirwa katika jimbo la Jiangxi, watu wapatao 86,000 walitoka usiku, wakaanza safari ya miguu iitwayo Safari Ndefu. Walivuka mito, theluji, na mabwawa muda wa mwaka mzima, huku wakipigwa njia nzima. Waliofika kaskazini mwezi wa Oktoba 1935 hawakufika 10,000. Baada ya muda wakafanya makao yao Yan’an, wakikaa katika mapango yaliyochimbwa kilimani. Mtu yeyote aliyewaona siku ile angesema, hawa wamekwisha.

Nani basi aliyewaokoa? Ni Wajapani, bila kukusudia. Wahenga walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Chiang alitaka kuwamaliza Wakomunisti kwanza, ndipo apigane na Japani. Lakini Wachina wengi walichoka kuona nchi ikiliwa na mgeni huku ndugu wakichinjana. Mwezi wa Desemba 1936, katika mji wa Xi’an, jemadari wake mwenyewe, Zhang Xueliang, ambaye nchi yake ya Manchuria ilikuwa imenyang’anywa, alimkamata Chiang na kumshurutisha aache vita vya ndani. Chiang akakubali. Tarehe 7 Julai 1937 mapigano yalitokea katika daraja la Marco Polo karibu na Beijing, na vita vikubwa vikaanza.

Vita vile vilikuwa vikali mno. Chiang alitoa majeshi yake bora kuulinda mji wa Shanghai, yakateketea kwa miezi mitatu. Mwezi wa Desemba 1937 Wajapani waliingia Nanjing, mji mkuu, wakawaua mateka na raia, wakawatenda jeuri wanawake, kwa majuma mengi. Baraza la hukumu lililokaa Tokyo baada ya vita lilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 200,000. Chiang alihamia Chongqing, mbali magharibi, wala hakukubali kusalimu amri. Haki yake tusimnyime: mzigo mkubwa wa vita ulikuwa mabegani mwa askari wake, na wengi wao walikuwa wakulima waliochukuliwa kwa nguvu, wenye njaa na wasio na viatu.

Wakomunisti walipigana kwa namna nyingine. Wajapani walishika miji na njia za reli, lakini nchi ni pana, na kati ya reli na reli kulikuwa na vijiji elfu na elfu visivyo na mtawala. Huko ndiko Wakomunisti walikoingia usiku. Walipunguza kodi ya mashamba na riba ya madeni, wakafundisha watu kusoma, wakakataza askari wao kumnyang’anya mkulima hata kuku. Mwaka 1940 walipothubutu kuzishambulia reli waziwazi, Wajapani walilipiza kwa kuchoma vijiji, kuua watu, na kuchukua kila kitu. Ukali huo uliwaumiza sana Wakomunisti, lakini uliwaongezea watu pia, kwani mkulima aliyechomewa nyumba hana tena cha kuogopa. Lakini tusiwafanye kuwa malaika. Huko Yan’an kwenyewe, tangu mwaka 1942, waliosema kinyume cha wakubwa walihojiwa, wakafungwa, na wengine wakateswa. Mwaka 1937 chama kile kilikuwa na wanachama wapatao 40,000. Mwaka 1945 walikuwa zaidi ya 1,000,000.

Sasa nafika kwa watu wetu. Wajapani walipoona Uchina haimezeki, na Marekani imewakatia mafuta, waliamua kushika nchi za kusini zenye mafuta na mpira. Mwezi wa Desemba 1941 waliwashambulia Wamarekani na Waingereza kwa ghafula. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka. Mwezi wa Machi walitwaa Rangoon, mji mkuu wa Bama, na mwisho wa Aprili walitwaa Lashio. Hapo Lashio ndipo ilipoanzia barabara ya kwenda Kunming katika Uchina, iliyochimbwa na wanakijiji wa Kichina wapatao 200,000, wengi wao wanawake na watoto, na ndiyo iliyokuwa ikimpelekea Chiang silaha. Barabara ikafungwa. Hiyo ndiyo “njia ya kwenda kwa Mchina” aliyoisema mzee wangu.

Hofu ikavuka bahari hata kwetu. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipiga Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, na manowari za Kiingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakashika Madagaska, wakatangulia kuishambulia mwezi wa Mei 1942, na mwezi wa Septemba askari wa Afrika ya Mashariki walishuka huko Majunga. Katani ya Tanganyika ikawa kama dhahabu, maana kamba za Manila zilikuwa mikononi mwa Wajapani. Vijana wakaandikwa, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kulazimishwa. Kutoka Tanganyika peke yake walichukuliwa zaidi ya 80,000 katika vita vile. Wa kwetu mlimani walipanda gari la moshi pale Moshi, wakapita Voi mpaka pwani, na wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza siku ile walipoivuka.

Si wote waliofika. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikichukua watu zaidi ya 1,500, pamoja na kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya chini ya maji ya Kijapani iliipiga. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa vijana wa Kiafrika waliokuwa chini ndani ya meli, wala hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Nimewauliza wanafunzi wangu kama wamepata kusikia habari za meli hiyo. Hata mmoja hakuinua mkono.

Waliofika waliingia katika divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambamo vilikuwamo vikosi vya Keya vya Tanganyika pamoja na vya Kenya, Uganda, Nyasa, na Rhodesia ya Kaskazini. Katika mwaka ule wa 1944 Wajapani walijaribu kuingia Uhindi, wakashindwa Imphal na Kohima. Walipokuwa wakirudi nyuma, divisheni yetu ndiyo iliyotumwa kuwafuata katika bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule. Mzee wangu alisema kwamba mvua ya Bama si kama ya Machame. Ya Machame hunyesha ikapumzika. Njia zikawa matope hata kifuani, magari yakazama, chakula kikadondoshwa kutoka ndegeni, na malaria na homa nyingine zikaangusha watu kuliko risasi. Mzee aliongeza neno lililonishangaza. Alisema, “Mjapani tulimkuta amekufa kwa njaa kando ya njia, ni kijana kama mimi, na mfukoni ana picha ya mama yake.” Mwezi wa Desemba 1944 waliutwaa mji wa Kalewa, wakavuka mto mkubwa wa Chindwin, na majeshi mengine yakapita nyuma yao.

Kwa kweli barabara ya kwenda Uchina haikufunguliwa na watu wetu kwa mikono yao wenyewe. Ilifunguliwa kaskazini zaidi, na majeshi ya Wachina na Wamarekani, mapema mwaka 1945. Lakini Mjapani hakuweza kuilinda, kwa kuwa alikuwa akisukumwa pia kutoka magharibi, nako watu wetu walikuwako. Kwa hiyo waliyoambiwa hayakuwa uongo mtupu.

Basi nimjibu mzee. Mchina aliyekuwa mwisho wa barabara ile alikuwa Chiang Kai-shek. Silaha zilikuwa zake. Lakini katika mwaka ule ule wa 1944 Wajapani walifanya shambulio lao kubwa kuliko yote katika Uchina, wakayavunja majeshi ya Chiang, na fedha yake ikapoteza thamani hata watu wakaikataa. Japani iliposalimu amri mwezi wa Agosti 1945, Chiang alikuwa mshindi aliyechoka, na Wakomunisti walikuwa na jeshi na vijiji. Vita vya ndani vikaanza tena mwaka 1946, na tarehe 1 Oktoba 1949 Mao akatangaza dola mpya huko Beijing, naye Chiang akakimbilia kisiwa cha Taiwan. Dola hiyo ndiyo iliyofanya mkataba wa urafiki na nchi yetu mwaka 1965, ikatujengea reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hiyo, Babu, Mchina aliyekuja si yule uliyempigania. Lakini mkulima wa Kichina aliyechimba barabara ile kwa jembe, na kijana wake aliyekuja kutandika reli yetu, hao ni watu wale wale, serikali yao iwayo yote.

Na Mjapani je? Shukeni Chekereni, huko tambarare ya Moshi, mkayaone mashamba ya mpunga na mifereji iliyomalizika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Taifa lile, lilipoondolewa majemadari waliokuwa hawaamriwi na mtu, lilirudi kwenye kazi ya mikono yake. Hakuna taifa lililoumbwa baya. Kuna mataifa yaliyoacha wenye silaha wawe juu ya sheria, nayo yakalipa, na majirani yakalipa pamoja nayo, hata kijana wa Masama ambaye hakupata kuwaona.

Huko Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina waliokufa wakitujengea reli, nayo hutunzwa, na wageni wao huja kuweka maua. Makaburi ya watu wetu yako Bama, na ya wengine ni bahari tu. Sisi hatuwezi kwenda huko kila mwaka. Lakini twaweza kuandika. Nawasihi walimu wenzangu, na kila msomaji: ukiwa na babu au baba mkubwa aliyekwenda, uliza jina lake, kikosi chake, na mahali alipofika, uandike katika daftari kabla wanaokumbuka hawajakwisha. Mzee wangu aliniuliza swali moja tu, nami nimemjibu akiwa ameshalala kaburini. Ninyi msikawie kama mimi.